Waya uko ndani ya siti yako, ruhusa iko Ulaya: kagua haya kabla hujamlipa muuzaji

Wiki hii dada mmoja wa Arusha ameniandikia ujumbe nilioukalia muda mrefu. Amenunua gari la mwaka 2021 kutoka Uingereza. Kwenye picha za muuzaji, skrini inaonyesha hita ya siti za mbele imewashwa. Gari likashuka Dar es Salaam, likafika nyumbani, baridi ya Julai ikaingia. Akabonyeza kitufe, skrini ikamwambia muda umekwisha, alipie. Akajaribu kulipia, kadi ya benki ikakataliwa kwa sababu duka la mtandaoni la kampuni hiyo linataka anwani ya Uingereza. Kampuni sitaitaja. Inauma, maana waya wa hita umo chini ya ngozi ya siti aliyoinunua na kuilipia ushuru.

Dada yangu, hauko peke yako. Mwaka 2022 BMW waliuza hita ya siti za mbele Uingereza kwa pauni 15 kwa mwezi, au pauni 350 ukitaka ifunguliwe moja kwa moja. Wateja walipiga kelele, na Septemba 2023 kampuni ikasema inaachana na ada hiyo ya siti. Mtindo wenyewe haukufa. Mercedes-Benz walitangaza Marekani, mwaka huohuo wa 2022, nyongeza ya nguvu kwa magari ya umeme ya EQE na EQS kwa dola 1,200 kwa mwaka. Mota ni ileile na betri ni ileile, programu ndiyo inayolegeza kamba. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Volkswagen: gari lao la umeme la ID.3 la Uingereza lenye nguvu ya kilowati 150, ukitaka 170 ulitakiwa kutoa pauni 16.50 kwa mwezi au 649 mara moja. Gawanya 649 kwa 16.50, unapata miezi 39 na ushei. Ukikaa na gari zaidi ya hapo, ada ya mwezi imeshapita bei ya kununua kabisa.

Sina ugomvi na ada ya kitu kinachoishi mtandaoni, kama taarifa za foleni, ramani mpya au kufungua milango kwa simu. Hapo kuna seva na kuna data, mtu lazima alipie. Lakini waya ndani ya siti hauhitaji seva yoyote.

Kwa anayenunua gari lililotumika, swali la maana ni hili: kitu hiki kimefungwa kwenye nini? Kuna kilichoandikwa kwenye namba ya chasisi tangu kiwandani. Hicho kinabaki na gari. Kuna kilichofungwa kwenye akaunti ya mwenye gari. Akiondoka nayo, kimeondoka. Na kuna kilicho na tarehe ya mwisho. Kwenye picha ya tangazo vyote vinafanana.

Kwa hiyo anza na chasisi. Magari ya Ulaya yana namba yenye herufi na tarakimu 17. Mwombe muuzaji namba nzima, kisha tafuta orodha ya vifaa vya kiwandani. Kwa BMW, kwa mfano, hita ya siti za mbele ina msimbo 494, na ya usukani ni 248. Ukiukuta msimbo huo, kifaa kilitoka kiwandani na gari. Usipoukuta na picha inaonyesha hita inawaka, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu alikuwa analipia. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba fupi ya fremu, hivyo tovuti zinazosoma namba za tarakimu 17 hazitakusaidia.

Halafu dai video, usiridhike na picha. Muuzaji awashe gari, afungue ukurasa wa huduma zilizolipiwa, tarehe za mwisho zisomeke. Kisha atoke kwenye wasifu wake, aingie kama mgeni, na ajaribu kila kitu upya: hita, kamera, taa kubwa za kujizima zenyewe. Kinachopotea hapo si chako.

Jambo linalosahaulika sana ni kuondoa akaunti ya zamani. Mwenye gari wa kwanza asipolitoa gari kwenye programu ya simu yake, wewe unaweza kushindwa kuliandikisha kwa jina lako, na yeye anaweza kuendelea kuona lilipo. Afanye hivyo gari likiwa bado kwao na mtandao unashika. Likishapanda meli, kumpata mtu huyo ni kazi. Weka sharti hilo kabla ya kumalizia malipo yaliyobaki.

Uliza pia modemu ya gari, yaani kifaa kinacholiunganisha na mtandao wa simu, inatumia mtandao wa kizazi gani. Aprili 2024 Nissan walizima huduma ya simu kwa magari ya umeme ya Leaf ya zamani Uingereza, yaliyotengenezwa hadi 2016, kwa sababu ya modemu zao za 2G, yaani kizazi cha pili. Gari linatembea vizuri tu, ila simu haizungumzi nalo tena.

Kuna mafundi watakaokuambia wanafungua kwa kompyuta. Wengine wanajua kazi. Hatari yake ni umeme: betri ikishuka katikati ya kuandika programu, kontrol boksi, yaani kompyuta ndogo ya gari, inaweza kufa palepale. Chaja ya kawaida ya usiku haitoshi. Fundi awe na mashine ya kushikilia volti kati ya 13.5 na 14, yenye ampea za kutosha kubeba gari likiwa limewashwa. Hana? Funga boneti, nenda nyumbani. Na kazi hiyo inaweza kufutika siku gari likipewa programu mpya ya kampuni.

Sasa dada wa Arusha. Usitume pesa popote kwanza. Tafuta orodha ya kiwandani kwa namba yako ya chasisi, kisha mpelekee gari fundi umeme mwenye mita. Azime gari, achomoe nguzo hasi ya betri, asubiri dakika kumi kabla ya kugusa chini ya siti, kwa sababu plagi za njano pale ni za mkoba wa hewa (airbag). Achomoe plagi ya hita na kupima ukinzani. Ohm chache, waya ni mzima na tatizo ni ruhusa. Mita isiposoma kitu, waya umekatika, na hata ungelipia miaka kumi siti hiyo isingepata moto.