Dawa ya minyoo ina tarehe yake

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Je, akina mama wanajua vya kutosha kuhusu dawa ya minyoo kwa watoto wadogo?" Mimi nauza dawa katika duka dogo huku Mishomoroni, Mombasa, na ni mama pia. Jibu langu ni kwamba dawa yenyewe wanaijua vizuri, na faida yake hawahitaji kuhubiriwa. Kinachokosekana ni tarehe. Mama hungoja mpaka mtoto aonyeshe dalili ndipo aje dukani, ilhali mtoto mdogo hutakiwa apewe dawa hii kila baada ya miezi sita tangu atimize mwaka, awe na dalili au asiwe nazo.

Pale kaunta nasikia maneno yale yale. "Dada, mwanangu yuwasaga meno usiku kucha." "Hali chakula, na tumbo limemjaa." "Mate yamtoka akilala." Kusaga meno peke yake hakuthibitishi kitu, watoto wengi husaga meno na hawana hata mnyoo mmoja. Kujikuna makalio usiku, hilo nalichukulia kwa uzito. Wale minyoo wadogo weupe kama nyuzi hutoka usiku kutaga mayai pale pale kwenye njia ya haja. Mtoto akijikuna mayai huingia chini ya kucha, na asubuhi yako mdomoni. Hapo humwambia mama wanywe dawa nyumba nzima, ila asiyetimiza mwaka, kisha warudie baada ya wiki mbili. Lakini mtoto mwenye minyoo wachache mara nyingi haonyeshi chochote. Acheza, acheka, mama hana la kumtia wasiwasi. Ukingoja dalili, umengoja mpaka wamekuwa wengi.

Wapo wanaoamini kuwa minyoo huletwa na sukari. Peremende haina mayai ya minyoo. Mchanga ulio kwenye kidole kilichoishika ndio wa kuogopwa.

Tarehe inapotelea wapi? Mwenye mtoto wa miaka miwili au mitatu na afungue kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Kurasa za chanjo zimejaa. Sehemu ya vitamini A na dawa ya minyoo, inayokwenda mpaka mtoto atimize miaka mitano, aghalabu ina tarehe moja au mbili, kisha weupe mtupu. Sababu yaeleweka. Sindano ya surua ya miezi 9 ikishapita, akina mama wengi huona kliniki imekwisha. Ile ya pili, ya miezi 18, wengine hata hawana habari nayo. Mtoto haumwi, foleni ni ndefu, na siku ya kliniki ni siku ya kukosa biashara. Shuleni nako dawa ipo, tangu 2012 mpango wa taifa huwafikia wanafunzi huko, ila mtoto wa mwaka na nusu hayuko shuleni. Yuko uani, ndio kwanza aanza kutembea, na kila akiokotacho chaenda mdomoni. Simlaumu mama yake. Muuguzi aliyemdunga mtoto sindano ya miezi 9 kama hakusema "rudi akitimiza mwaka, kuna dawa ya minyoo na vitamini A", angejuaje?

Linaloniuma zaidi ni kipimo. Chupa ndogo ya albendazole, dawa hii ya minyoo ikiwa ya maji, ina mililita 10, nayo ni dozi ya mtoto mmoja aliyetimiza miaka miwili. Wa kati ya mwaka mmoja na miwili hupewa nusu. Chini ya mwaka hapewi. Sasa mama anunua chupa moja, arudi nayo kwa watoto watatu, kijiko kijiko, kwa kuwa pesa alizo nazo ni za chupa moja. Hakuna aliyepata dozi yake, na mama aamini kazi imekwisha. Nikimgundua kabla hajalipa humwambia wazi: mama, weka pesa yako, nenda zahanati ya serikali watakupa bure.

Na namna ya kunywesha, jamani. Mtoto kalazwa chali mapajani, shangazi kamshika mikono, mama kambana pua, kidonge kinasukumwa kwa kidole huku analia. Kidonge hicho kikiteleza kikaingia njia ya hewa, mtoto anaweza kufa mikononi mwenu. Kiweke kati ya vijiko viwili, ukisage kiwe unga, changanya na maji, mpe akiwa ameketi na ametulia. Akilia, mwache kwanza. Siku bado ndefu.

Mwarobaini na mbegu za maboga, bibi zetu walitulea nazo na siwakosei heshima. Lakini mtoto wa mwaka mmoja hana kipimo chake kinachojulikana, na mafuta ya mwarobaini yameshawahi kuwatia watoto wachanga degedege. Kwa hilo nasema hapana bila kusitasita.

Dawa huua minyoo waliomo leo. Ya kesho haiyazuii. Jike mmoja wa wale minyoo wakubwa hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku, na huku kwetu maji ya kunawa ni ya kununua kwa mtungi kutoka mkokotenini, kwa hivyo mtu huyapimia. Lipo lakini jambo la bei ndogo. Madrasa watoto huvua champali mlangoni, na anayeomba ruhusa ya kwenda msalani hukimbia miguu mitupu, akapita mchangani, akarudi mkekani. Mabuu ya minyoo wa safura huingilia hapo hapo, kwenye ngozi ya mguu. Chuo kimoja cha Kurani jirani na duka letu wameweka jozi tatu za champali mlango wa choo, na kipande cha sabuni kimefungwa kwenye soksi kando ya mtungi. Watoto wamezoea.

Kwa wahudumu wa afya ya jamii nina ombi. Wiki za Malezi Bora, zile za kampeni ya afya ya mama na mtoto, zikija Mei na Novemba, wapitie vyuoni pia, saa ya alasiri watoto wakiachiliwa. Akina mama huja kuwachukua wakubwa, na mdogo yuko mgongoni kwenye leso. Nusu saa pale ingewafikia watoto ambao kliniki haijawaona tangu sindano ya surua.