Mlio wa kwiii asubuhi
Dada uliyeuliza kama injini imekufa kwa sababu gari linalia kwiii asubuhi: injini yako haijafa, hiyo ni belti, yaani mkanda. Gari likilia kwiii ukiwasha asubuhi, likanyamaza baada ya dakika mbili tatu, kisha likalia tena ukifungua AC, mara nyingi ni mkanda wa altaneta (mashine inayochaji betri) unaoteleza kwenye puli, yale magurudumu unayoyazunguka. Niko gereji Changamwe, Mombasa, na msimu wa mvua napokea magari ya hivi kila siku: unyevu wa usiku hukaa kwenye mkanda uliochakaa na kung'aa kama kioo.

Injini ikiwa inanguruma, nyunyiza maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji. Kelele ikizidi, mkanda umelegea. Ikinyamaza kidogo halafu ikarudi, puli hazikai mstari mmoja, na mkanda mpya peke yake utakupotezea pesa. Leso na mikono ya buibui viwe mbali kabisa na mkanda unaozunguka, tafadhali.

Ila ukisikia mkwaruzo mzito, kama mawe kwenye sufuria, shuku beringi (gololi za kuzungukia) ya altaneta au ya pampu ya maji. Hapo usithubutu kwenda foleni ya feri Likoni. Pampu ikikwama injini itachemka.