Usiandike "sababu binafsi"

Mume wangu, mwanajeshi wa Marekani, alipopata oda ya kuhama kutoka kambi ya Joint Base Lewis-McChord, jimbo la Washington, kwenda kambi ya Fort Bliss kule El Paso, Texas, nilikuwa na miaka miwili na nusu kazini kama muuguzi msaidizi kwenye makao ya wazee. Nikamwandikia msimamizi barua ya mistari miwili, ya kistaarabu: naacha kazi kwa sababu binafsi, asanteni kwa ushirikiano. Sisi watu wa Tanga hatumwagi mambo ya nyumbani mbele ya bosi. Maneno hayo mawili yalinicheleweshea pesa zangu wiki tisa.

Nawaandikia dada na kaka mlioolewa au kuoa jeshini huku Marekani, maana kila kiangazi, maboksi yakianza kufungwa, swali ni lilelile: nikiacha kazi kumfuata mwenzangu, nalipwa fao la kukosa ajira?

Tuanze na aibu, kwani ndiyo inayowazuia wengi kudai. Mama yangu nilipomwambia kwenye simu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, mmefika pa kulishwa na serikali?" Hapana, mama. Hii ni bima. Kodi yake wanailipa waajiri, na katika majimbo mengi mfanyakazi hakatwi hata senti. Wewe umetoa jasho, bosi akalipa bima, sasa unadai.

Kanuni ya jumla ni kwamba anayeacha kazi kwa hiari yake halipwi. Lakini majimbo mengi yamewafungulia mlango wenza wa wanajeshi wanaohamishwa, na kila jimbo lina sheria yake. Ya Washington inamtambua anayeacha kazi kwa kuwa mwenzi wake amehamishiwa kazi mbali, ila pana sharti: uwe umeendelea kufanya kazi kwa muda wote unaofaa kabla ya kuhama. Rafiki yangu mmoja aliacha kazi miezi miwili kabla ya safari, eti apate nafasi ya kupanga vyombo; kwa sharti hilo, hiyo ni mapema mno. Mimi hapo nilinusurika. Zamu yangu ya mwisho ilikuwa siku kumi na mbili kabla ya lori la mizigo kufika mlangoni, na karatasi ya mshahara ilionyesha hivyo.

Kosa langu la kwanza baada ya kufika lilikuwa kupeleka madai Texas. Sikuwa nimefanya kazi Texas hata saa moja! Unadai kwenye jimbo ulikofanyia kazi, hata kama sasa unalala kwingine. Washington wanataka uwe na saa 680 za kazi katika mwaka wanaoupigia hesabu, ambao kwa kawaida ni robo nne za mwanzo kati ya robo tano za mwisho zilizokamilika, robo moja ikiwa miezi mitatu. Mimi nilizipita mbali. Tatizo lilikuwa barua. Mwajiri alipoulizwa kwa nini niliondoka, alijibu kilichoandikwa kwenye faili: sababu binafsi. Ikaja barua ya kukataliwa.

Nilikata rufaa ndani ya siku 30 walizonipa. Usikilizaji ulifanyika kwa simu, nami niliupokelea ndani ya gari kwenye maegesho ya duka, kwa sababu nyumbani watoto walikuwa wanaruka juu ya magodoro yasiyo na vitanda. Jaji alikuwa mpole. Aliuliza, "Kama ulikuwa unamfuata mumeo, mbona hukuandika hivyo?" Nikamjibu ukweli, kwamba kwetu ni adabu. Nilikuwa nimeshatuma nakala ya oda yenye jina langu kama mtegemezi, cheti cha ndoa na hati ya kampuni ya kuhamisha mizigo. Jibu lilikuja kwa posta: nimeshinda.

Kumbe kilichoniokoa zaidi ni kitu ambacho nusura nikiache. Wiki zote hizo za rufaa niliendelea kujaza fomu ya kila wiki, nikiandika shughuli zangu tatu za kutafuta kazi, japo sikuwa napata hata dola. Ukiacha kujaza, ukishinda unaweza kukuta wiki hizo huna chako. Mimi nililipwa zote isipokuwa ya kwanza, ambayo Washington huitaja kuwa wiki ya kusubiri na hailipwi kwa yeyote.

Basi barua yako iwe hivi: "Naacha kazi kwa sababu mwenzi wangu amehamishwa na jeshi kwa oda ya tarehe fulani, siku yangu ya mwisho ni tarehe fulani." Basi, usipambe. Bosi akinuna, mwambie kwamba katika majimbo mengi malipo ya aina hii hayapandishi kodi yake ya bima. Wengi hawalijui hilo, ndiyo maana hupinga.

Pesa ikianza kuingia, omba wakukate asilimia 10 ya kodi ya serikali kuu papo hapo. Texas na Washington hazina kodi ya mapato ya jimbo, nikadhani nimepona. Aprili, wakati wa kufunga hesabu za kodi ya serikali kuu, ikanikumbusha.

Leseni yako ya kazi nayo usiiache isinzie. Tangu Januari 2023 sheria ya serikali kuu inamruhusu mwenza wa mwanajeshi kuhama na leseni nyingi za kitaaluma, na jeshi hurudisha hadi dola 1,000 za gharama za kuipata upya. Tunza risiti.

Na kama oda inasema Ujerumani au Korea, uliza mapema kabla hujaacha kazi. Kwa kawaida majimbo hayamlipi mtu aliye nje ya Marekani, kwa hoja kwamba hayupo tayari kwa kazi huku. Wapo wenza wanaobaki nyuma miezi michache na kufanya kazi mpaka watoto wamalize muhula, na hesabu yao mara nyingi hutoka vizuri kuliko ya waliokimbilia ndege.