Pole au samahani?

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: ni usemi gani wa Kiingereza cha kila siku unaokushinda kuutia katika lugha yako? Wengi watawaandikia kuhusu ile mvua ya paka na mbwa, "raining cats and dogs", yaani mvua kubwa. Mimi hainisumbui, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniletea ubao akataka nimwandikie paka na mbwa. Kinachonishinda ni kineno kimoja tu, kile ambacho hata mtoto wa chekechea anakijua: "sorry".

Mimi ni fundi wa vibao hapa Kisumu, upande wa Kibuye. Nachora kwa brashi, nakata stika, na nachapa programu za mazishi. Sikusomea tafsiri. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 7, ilifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi zote mbili, na tangu hapo naona wateja wengi wanataka kibao kiseme mara mbili. Wanakuja na maneno ya Kiingereza kwenye simu na kuniambia, "Fundi, chini yake weka Kiswahili." Hawalipi zaidi kwa hilo. Kwao kutafsiri ni sehemu ya rangi.

Mama mmoja mwenye duka la vitambaa alitaka kibao cha kugeuza mlangoni. Upande mmoja kiseme duka li wazi, upande wa pili "Sorry, we are closed". Nikaandika "Pole, tumefunga", nikampa. Haikupita wiki akarudi nacho kwapani.

"Fundi, wateja wananiuliza mbona nawacheka."

Nilikitazama kile kibao nikaona aibu. Pole humwendea aliyepatwa: aliyeugua, aliyefiwa, aliyejikwaa, hata anayetoka kazini amechoka. Anayeisema hakiri kosa lolote, anamwonea mwenzake huruma tu. Sasa mtu ametembea kutoka Kondele kwa jua la saa saba, anafika mlangoni anakuta "Pole, tumefunga". Ni kama kumwambia shauri yako. Palihitajika "samahani", maana aliyefunga duka ni mwenye duka. Samahani ina herufi nane na pole ina nne, na mimi nilikuwa nimeyapanga maneno yakajaza ubao mzima. Ilibidi niupake wote upya, nisubiri ukauke, nianze tena kwa herufi nyembamba. Hasara ilikuwa yangu na sikumdai.

Tangu siku hiyo, mtu akiniletea "sorry" namuuliza kwanza: kosa ni la nani? Wengine hushangaa. Kiingereza hakiwaulizi swali hilo, kwa sababu neno lao linameza pole na samahani kwa pamoja. Ukilifuata neno hilo hadi asili yake, ni ndugu wa "sore", yaani penye maumivu. Zamani lilimaanisha mtu mwenye uchungu moyoni. Kwa hiyo lilianza likiwa karibu zaidi na pole yetu, kuomba msamaha kukaja baadaye. Sisi samahani tuliipata kutoka Kiarabu, pole tulikuwa nayo, na kila moja ikabaki na kazi yake.

Kijaluo nacho kina neno lake, na hapo ndipo nilipofurahi. Mtu akifiwa au akiumia, Mjaluo humwambia "mos". Na "mos mos" ni nini? Ni polepole! Lugha hizi mbili hazina undugu wa damu, ila zote zimeona kwamba neno la kumtuliza mtu ni lile lile la kumwambia aende taratibu. Bibi yangu, ambaye hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, angeitafsiri pole bila kufikiri. Mimi niliyefika kidato cha nne nimeharibu ubao.

Tena sisi tumekichukua hicho Kiingereza na kukitia roho yetu. Siku moja mgeni Mzungu alikuja kuagiza kibao, akajigonga goti kwenye benchi langu. Fundi viatu wa pembeni, mama wa chai na mimi tulisema kwa pamoja, "Sorry!" Alitutazama mmoja mmoja, akasema si kosa letu. Hakuna aliyesema ni kosa letu, ndugu yangu. Midomo ilisema Kiingereza, lakini tulikuwa tunampa pole.

Sitaki mfikiri ni "sorry" pekee inayonitesa. Kuna mwenye mkahawa karibu na ziwa aliyetaka karatasi ya kubandika kwenye meza ya chai, penye birika na vikombe, imwambie mgeni "Please help yourself". Tafsiri alikuwa nayo tayari, ameiandika kwa mkono: "Tafadhali jisaidie hapa." Nilimuuliza kama kweli anataka wageni wajisaidie mezani. Akasema ndiyo, huduma ni bure. Mama wa chai ndiye aliyeangua kicheko, mimi nikapata nguvu ya kumweleza mzee wa watu kwamba kujisaidia huwa kwa choo. Tuliandika "Karibu, jipakulie chai." Angalieni pia kwamba "tafadhali" iliondoka na hakuna aliyeiulizia. Karibu ilikuwa imeshaifanya kazi yake.

Lakini mazishi ndiyo shule yangu kubwa. Huku kwetu programu ya mazishi ni kitabu kidogo chenye picha, wasifu wa marehemu na mpangilio wa watakaosema, na siku hizi jalada huja na Kiingereza cha mjini: "A Celebration of Life". Mara ya kwanza nilipoombwa kuitia Kiswahili kwa ajili ya wazee wa nyumbani, niliandika "Kusherehekea Maisha ya Marehemu", nikachapa nakala 200. Jaduong' mmoja, yaani mzee wa ukoo, alishika moja, akaisogeza mbali na macho, akasoma, akaniuliza kwa upole sana:

"Mwanangu, kuna sherehe gani hapa?"

Sikuwa na jibu. Katika Kiswahili sherehe ina ngoma, keki na kiti cha bibi harusi. Niling'oa jalada zote 200 usiku ule na kuchapa mengine: "Tukimshukuru Mungu kwa Maisha ya", kisha jina. Ndani kulikuwa na "vote of thanks", na kijana wa familia alikuwa ameigeuza kuwa "kura ya shukrani". Hiyo niliiwahi. Kura katika sehemu hii ya nchi si neno la kutia kwenye matanga, mtu anaweza kuuliza mgombea ni nani. Ikawa "neno la shukrani", basi.

Na kuna "she lost her husband". Vijana wote huandika "alipoteza mume wake", kana kwamba alimsahau kwenye matatu. Kiswahili kina "alifiwa na mumewe". Kufa ni kwa yule aliyekwenda, kufiwa ni kwa yule aliyebaki, na mzizi ni mmoja. Kila ninapopata nafasi ya kuandika alifiwa, naiandika kwa herufi safi kabisa.

Msemo wa "at the end of the day", wenye maana ya hatimaye, nitaupita haraka. Umeshakuwa "mwisho wa siku" redioni na sitaweza kuuzuia. Mtu wa boda boda akiniambia mwisho wa siku, mimi bado naelewa jioni, wakati anapompelekea mwenye pikipiki hesabu yake.

Yapo pia yanayokubali bila vita. "Goodbye" ilitokana na maneno ya kumtakia mtu Mungu awe naye. Mjaluo akikuaga kwa "oriti" anakutakia ulindwe, nasi tunasema kwaheri, yaani uende na heri. Kibao cha kuaga wageni njiani sijawahi kukikosea.

Nimalizie na kazi ya mwezi uliopita. Mwenye ploti mmoja, nyumba za kupanga kumi na mbili, alikaukiwa na maji siku nne. Akaja kutaka tangazo la kubandika getini: "Sorry for the lack of water", na Kiswahili chini. Nikamuuliza swali langu la kawaida. Nikamweleza: tukiandika "Poleni kwa kukosa maji", wapangaji watasoma kwamba unawahurumia tu na jambo halikuhusu, na watakasirika. Tukiandika "Samahani kwa kukosa maji", umekubali kosa ni lako, na mwisho wa mwezi usishangae mtu akikukata kodi ya siku nne.

Alikaa kwenye benchi. Akaagiza chai, akainywa yote, akaitazama barabara.

"Fundi," akasema, "hicho Kiswahili toa. Andika Kiingereza peke yake."