Kiungo cha pete ya fedha: kipime kwa taa kabla ya moto

Pete ya waya ikiachia kwenye kiungo, lawama huangukia lehemu. Lehemu haina kosa. Kazi yake ni kupenya pale ncha mbili zinapogusana, haikuumbwa kuziba mwanya. Pete nyingi huharibika kabla moto haujawashwa.

Anza na urefu. Jumlisha kipenyo cha ndani na unene wa waya, kisha zidisha kwa 3.14. Kipenyo cha milimita 18 na waya wa milimita 2: 20 × 3.14, yaani milimita 62.8. Kata 63.5, kilichozidi kitaliwa na tupa. Ukisahau kuongeza unene, pete itagota kwenye kifundo cha kidole.

Fedha ya 925 (sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha), ambayo kwa kawaida imechanganywa na shaba, hukakamaa kila inapokunjwa au kugongwa. Ilainishe kwanza: punguza mwanga chumbani, pasha mpaka wekundu hafifu uonekane, basi. Wekundu mkali maana yake unakaribia kuiyeyusha. Subiri wekundu upotee ndipo uitumbukize majini.

Sasa kunja. Umbo likiwa kama yai si neno, mviringo utakuja baadaye. Pishanisha ncha kidogo halafu zirudishe, zibanane zenyewe. Inua kiungo mbele ya taa. Ukiona hata uzi wa mwanga, lehemu ikae ilipo. Pitisha msumeno mwembamba katikati ya kiungo hichohicho: unakwangua nyuso zote mbili kwa mkato mmoja, nazo zinatoka sambamba. Bana, tazama tena. Wakati mwingine ni mara tatu.

Paka boraksi, dawa inayosaidia lehemu kutiririka, weka chini ya kiungo kipande cha lehemu ngumu, yaani inayoyeyuka kwa joto kubwa zaidi, cha milimita 1. Ngumu, kwa sababu ukija kuunga kiti cha jiwe kwa lehemu laini zaidi, kiungo cha kwanza hakitafunguka. Anza kupasha upande ulio mbali na kiungo, polepole. Boraksi itafura nyeupe na kukisukuma kipande. Kirudishe kwa ncha ya chuma. Ikishakuwa angavu kama kioo, lehemu i karibu. Mstari unaong'aa ukipita kwenye kiungo, ondoa moto papo hapo.

Lehemu hukimbilia penye joto, kwa hiyo moto wa upande mmoja huivuta yote upande huo. Ikijiviringisha kama shanga na kugoma kutiririka, kuna uchafu au boraksi imekwisha nguvu. Kuongeza moto hapo ni kuyeyusha pete. Poza, safisha, rudia.

Isafishe katika maji moto yenye asidi ya sitriki, na uitoe kwa koleo la shaba; la chuma litaipaka pete wekundu wa shaba. Kisha iviringishe kwenye fimbo ya chuma kwa nyundo ya mbao, maana nyundo ya chuma huifua na kuitanua.

Doa la kijivu-zambarau likijitokeza wakati wa kung'arisha, hiyo ni shaba iliyoungua chini ya uso. Kitambaa hakiliwezi. Rudi kwenye msasa.