Mwanangu, kwa nini nimeiacha ile cherehani

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, salamu zako nimezipokea na sisi huku wazima. Meseji yako niliisoma juzi usiku nikaanza kujibu kwenye simu nikafuta, nikaanza tena nikafuta, mwisho nikaona hili halijibiki kwa vidole viwili, acha nikae niandike. Umeniuliza hivi: "Mama, tangu nina akili umeniambia cherehani ni za ile kampuni moja tu, leo nimejikusanyia hela ninunue yangu ya kwanza unaniambia nisiiguse, wamekufanyia nini?" Una haki ya kuuliza. Mimi ndiye niliyekuimbia wimbo huo miaka yote.

Jina lao siliandiki humu, wewe unalijua, herufi zako za kwanza ulizisoma kwa kulifuata na kidole pale ubavuni mwa cherehani.

Nianze na ile ya zamani maana bila hiyo hutaelewa kwa nini imeniuma hivi. Ile nzito ya chuma nilikuwa nayo kabla yako. Unajua mimi sijawahi kushona kwa kuuza, kazi yangu ilikuwa nyingine, ila jioni nyie mkishalala nawasha ile taa ndogo nashona, mto, begi, gauni lako la shule, chochote kile, na ile sauti yake ndiyo ilikuwa inanitoa uchovu. Miaka 19 nilichoifanyia ni kufagia vumbi la nyuzi chini ya yale meno yanayosukuma kitambaa, tone la mafuta ya cherehani hapa na pale (yale mepesi yasiyo na rangi, usije ukaweka ya kupikia, yanaganda yanakuwa kama gundi), na kubadili sindano. Basi, hakuna kingine.

Mwaka wa 20 ikaanza kuruka mshono. Hapa nikueleze kidogo maana utakuwa na yako na itakuja kukutokea. Uzi wa juu na uzi wa chini haukutani kwa bahati. Sindano inashuka mpaka mwisho, ikianza kupanda, ikipanda kama milimita 2 na kitu, uzi unabaki nyuma unafanya kitanzi kidogo pale kwenye kile kibonde cha mgongoni mwa sindano, na sekunde hiyo hiyo ncha ya ndoano ya chini inapita inakidaka kile kitanzi, inakizungusha kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, mshono umefungwa. Ndoano ikichelewa kidogo tu kitanzi kimeshapita, mshono umeruka, ikikosea zaidi inaweza kugongana na sindano. Na kinachofanya hivi viwili viende pamoja bila kukosana ni gia.

Nikaifungua mwenyewe, sikuwa nimewahi, mikono inatetemeka. Mle ndani chuma kitupu isipokuwa gia moja ya nailoni, na hiyo ndiyo imepata ufa mwembamba kama unywele. Nailoni ikizeeka inakakamaa, mhimili wa chuma uliopita katikati yake haulegei, basi mwisho lazima kitu kiachie. Nikawaandikia kampuni, enzi hizo barua ya karatasi, nikawachorea gia yenyewe na namba iliyokuwa chini ya cherehani. Zikapita wiki kadhaa ikaja bahasha. Ndani gia mbili, mchoro wa kuonyesha skrubu ipi inalegezwa kwanza, na mtu kaandika kwa kalamu kwamba ya pili ni ya akiba. Mwanangu mimi nililia. Kuna mtu mahali fulani alikaa akafikiria kwamba mimi naweza kuitengeneza mwenyewe, na akanisaidia niweze.

Kuanzia siku ile nikawa mtu wao. Shangazi yako alinunua ya kwao kwa sababu yangu, na yule mwalimu wako wa darasa la tano, na wenzangu wanne kazini, na kila mtu akiniambia kuna kampuni nyingine nzuri namkatalia kabla hajamaliza kusema. Sikuwahi hata kuzigusa hizo nyingine.

Sasa hii ya pili unaikumbuka, ile nyeupe yenye skrini, niliyonunua nilipostaafu ili nianze kudarizi. Sikuuliza kitu dukani, niliona jina nikabeba. Na miaka ya mwanzo ilikuwa nzuri sitaki kuidhulumu, inavuta uzi yenyewe, inakata yenyewe, tundu la kifungo inatoboa safi kuliko mkono wangu. Mwaka wa nne ikaanza mlio, tk, tk, kila mzunguko mahali palepale. Mlio ule niliujua kabla sijaizima. Gia ikipasuka, pale penye ufa meno mawili yanatanuka yanaachana, kwa hiyo kila yakifika kwa mwenzake yanakwama kidogo. Kuifungua tu ilikuwa shida, skrubu zimefichwa chini ya vibandiko, mfuniko umeshikiliwa na vijino vya plastiki vya kukatika ukivigusa vibaya, lakini nikafika. Ufa, kama ule wa zamani kabisa.

Nataka unielewe hapa, gia kupasuka haikuniudhi. Watu wengi wanasema chuma ndiyo cherehani na plastiki ni uchafu, mimi sisemi hivyo, nailoni ni kimya, na ukilazimisha kitambaa kinene kikakwama ni afadhali livunjike jino la gia kuliko mhimili au mota. Kuna akili ndani yake. Lakini akili hiyo ina maana tu kama hicho kinachovunjika kinapatikana! Nikawaandikia kampuni, safari hii imeili, na picha, na namba ya modeli. Jibu likaja siku ileile. Sehemu hiyo haiuzwi peke yake, tafadhali peleka kwa fundi wetu aliyeidhinishwa, na tunakukumbusha kwamba kufungua mashine mwenyewe kunaondoa waranti. Nikajibu kwamba waranti ilishakwisha zamani, naomba gia tu. Likaja jibu lilelile, neno kwa neno.

Nikaenda kwa huyo fundi. Kijana mzuri, mkweli, Mungu amweke. Akaniambia mama gia hii wanaitoa pamoja na sehemu yote ya chini, na kwa modeli yako hiyo sehemu haitengenezwi tena, hata bodi yake ya umeme haipo, siku ikiungua ndiyo mwisho, wanachotuambia tukushauri ni ubadilishe uchukue mpya. Miaka minne. Nilirudi nayo nyumbani nimeipakata kama mtoto mgonjwa aliyekataliwa hospitali, na ndani ya mwili huo wote kilichokufa ni kipande kisichozidi sarafu.

Halafu bado nikawatetea, hilo ndilo ninalotaka kukwambia bila kuficha. Nikajisemea labda ni modeli hii tu, labda ofisi imepata watu wapya hawajui. Mtu ukishapenda jina unalitafutia sababu, na mimi nililitafutia sababu karibu miaka 2, huku cherehani imelala kabatini na nikirudi kwenye ile ya chuma usiku.

Kilichonimaliza ni programu ya kudarizi, ile ya kwenye kompyuta niliyokuwa nachorea maua. Kuna kitu watu hawakijui kuhusu faili za kudarizi. Lile faili unaloipa cherehani halijui maua wala majani, linajua tu sindano idondoke hapa, kisha hapa, kisha hapa. Ukilikuza kupita kiasi nyuzi zinaachana kitambaa kinaonekana, ukilipunguza sana zinabanana mpaka sindano inakatika. Ukitaka kubadili ua lenyewe unahitaji faili la asili, lile la mchoro, na hilo linafunguliwa na programu yao peke yake. Mimi nilikuwa na michoro kama 60, nimeichora usiku kwa usiku, ule mviringo wa maua niliouweka kwenye shuka za mwanao nao umo. Kompyuta ikafa, nikanunua nyingine, nikaweka programu ileile niliyoilipia, ikaniomba ithibitishe leseni kwenye seva yao, yaani kompyuta ya kampuni inayofikiwa kwa intaneti. Seva haipo. Nikaandika, wakanijibu kwamba toleo hilo limefungwa na sasa programu ni ya kulipia kila mwezi, na hili jipya halifungui mafaili ya zamani. Yaani kazi ya mikono yangu, iko mezani kwangu, siwezi kuifungua.

Basi ndiyo nikaanza kusoma, nilichotakiwa kufanya mapema. Nikagundua jina lile limeshauzwa, waliotengeneza ile ya chuma siyo wanaotengeneza hii nyeupe, wamerithi bango tu. Na hili ni jambo la kawaida kwenye cherehani kuliko nilivyodhani. Chukua Singer iliyoanza 1851, Pfaff ya 1862, na Husqvarna Viking ambao walianza cherehani 1872, watu wameshindana miaka mia na zaidi, kila mshonaji ana upande wake, na tangu 2006 wote watatu wako chini ya mwenye mali mmoja. Siwasemi hao kwa ubaya, siyo wao walionikosea, nakupa mfano uone jinsi jina linavyoweza kubaki palepale ubavuni huku nyuma yake kila kitu kimehama. Mtu aliyeniandikia ile karatasi ya gia ya akiba hayupo tena pale, na hakuna aliyeachiwa kazi yake. Mimi nilikuwa namdai uaminifu mtu asiyenijua.

Na bado kuna shangazi yako. Yake imeanza mlio uleule mwezi uliopita, akanipigia akasema wewe ndiye mjuzi niambie cha kufanya. Nilikosa la kumwambia. Ile haikuwa pesa yangu, ilikuwa yake, na aliitoa kwa neno langu. Ndiyo maana nilikukatalia kwa ukali vile kwenye simu, nisamehe kwa ile sauti, ila neno lenyewe silibadilishi.

Sasa yako. Sikupi jina jipya la kushika, nimeacha hayo mambo. Ukienda kuangalia, zungusha kwanza gurudumu kwa mkono umeme ukiwa umezimwa, usikilize, liende laini bila kukwama popote. Angalia sindano yake iwe ni 130/705 H, hiyo ya shingo bapa upande mmoja inaingia karibu kila cherehani ya nyumbani na hutahangaika kuitafuta (zile namba 80, 90, 100 ni unene tu, 90 ni milimita 0.9, kwa jinzi chukua 100). Wasikuvutie na wingi wa mishono, mimi nilikuwa na zaidi ya mia nikatumia minne, ule ulionyooka, zigizaga, wa kitambaa cha kuvutika na tundu la kifungo. Wala usibabaike na maandishi ya kwamba ni ya kazi nzito, kushona mishono 1,000 kwa dakika ni mbio tu, nguvu utaiona kwenye jinzi. Kisha muulize muuzaji swali moja, mwambie gia ya ndoano naweza kuinunua peke yake? Akikuonyesha karatasi ya spea yenye namba kila kipande, kaa naye mzungumze. Akikuambia hii haiharibiki mama, mshukuru uondoke.

Au usinunue kwanza. Hili nimelifikiria usiku kucha. Ile ya chuma ichukue wewe. Ina miaka mingi kuliko wewe lakini nimeisafisha wiki hii, nimebadili mkanda, nimeilainisha, inashona jinzi mikunjo minne bila kulalamika. Mimi nimeshanunua nyingine, ya kampuni ambayo zamani nisingeitazama mara mbili, na ni cherehani nzuri, sijaipenda bado, inatosha kwamba kitabu chake kina mchoro wa ndani. Gia ya pili, ile ya akiba, ipo bado kwenye bahasha yake pamoja na ile karatasi, nimeiweka chini kabisa kwenye kopo la vifungo. Jumamosi ukija njoo na vipande vya jinzi na kitambaa kimoja laini cha kuvutika, na uje mapema, nataka tuifungue pamoja nikuonyeshe skrubu ipi inalegezwa kwanza.

Mama yako