Datsun ya rali au Vitz ya kazini?

Ndugu yangu, umesema una pesa za gari moja tu, na moyo umegawanyika kati ya Datsun 240Z ya 1972 iliyotayarishwa kwa rali na Toyota Vitz ya lita 1.0 ya kwenda nayo kazini Nairobi kila siku. Nakuelewa kabisa. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally 1971 na 1973, mara ya pili ikiwa mikononi mwa dereva Shekhar Mehta.

Nimekaa na Datsun ya zamani miaka sita. Asubuhi ya baridi unavuta choki na kusubiri. Kwenye foleni injini inapanda joto, klachi inachosha mguu, na kabureta mbili (zinazochanganya petroli na hewa) zikitofautiana kidogo tu, gari linakohoa na kunywa petroli. Barabara ikifunguka, sauti ya silinda 6 hutaisahau. Lakini halina ABS (breki zinazozuia magurudumu kujifunga) wala eabegi: magurudumu yakijifunga kwenye lami yenye maji, umebaki wewe na mguu wako. Vitz haina hata nusu ya nguvu ya Datsun hiyo, ila itawaka kila asubuhi na spea ziko kila kona.

Ningekuwa wewe, ningenunua Vitz sasa, kisha nianze kuweka akiba ya Datsun. Ukishindwa kungoja, usilipe kabla fundi aliyezoea magari ya zamani hajaliinua na kugonga sakafu akitafuta kutu, na namba za injini na chesisi zilingane na logbuku. Ulizia bima mapema pia. Na kile kizimba cha chuma kinachofungwa ndani ya gari la rali, bila helmeti, kinaweza kukuumiza kichwa hata kwenye ajali ndogo.